Kalenda ya Mwaka Jana, Pazia la Mwaka Huu

Januari ikifika katikati, nyumba nyingi zina kalenda mbili: mpya iliyokwisha tundikwa, na ya mwaka jana iliyosukumwa nyuma ya kabati kwa kuwa hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Na kweli inauma kuitupa. Karatasi yake ni nzito, inang'aa, wino hauchafui mkono, na aliyeichapisha aligharamia picha. Mimi huziomba kalenda hizi kwa ndugu, kwa majirani na kwenye maduka ya mtaani, na kazi ninayopenda kuzifanyia kuliko zote ni pazia la shanga la mlangoni, lile la nyuzi nyuzi linaloning'inia kati ya sebule na korido. Leo nakuandikia kazi nzima, tangu kuchagua karatasi mpaka kutundika.

Lakini kwanza nitoe la moyoni. Mapambo yanayotokana na vitu vilivyokwisha tumika tunayasamehe mno. Gundi imevuja, kingo zimechanika, rangi zinagombana, halafu mwenyewe anasema, "Si unajua ni maboksi tu." Hapana. Mgeni anayeingia kwako haangalii pambo lilikotoka, anaangalia lilivyo. Lipendeze kwanza, halafu akishalishika ndipo aambiwe kwamba lilikuwa kalenda. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003 na kuwapa kazi watu wenye ulemavu, hutengeneza hata karatasi ya kinyesi cha tembo, na mtu anainunua kwa sababu ni karatasi nzuri. Kampala, katika mtaa wa Acholi Quarters, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wengi wao wakiishi kwa kuponda kokoto, walisokota shanga za karatasi zilizovuka bahari. Mwaka 2004 ndipo ulipoanzishwa mradi wa BeadforLife wa kuziuza nje. Mkufu uliosokotwa ovyo usingefika huko kwa huruma peke yake.

Sasa karatasi. Kila iliyomo nyumbani ina kazi yake, na ukiilazimisha kazi isiyo yake itakuaibisha. Gazeti hugeuka manjano likikaa penye mwanga na wino wake hushika vidole, kwa hiyo liweke kwa ajili ya bakuli za rojo la karatasi. Trei za mayai zikiloa huwa laini na kukubali kufinyangwa, basi hizo ni za maua. Kile kiini cha boksi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, kikate pete za sentimita 1, uzibane kidogo zipate umbo la jani, uziunganishe tano tano, na tayari una ua la kubandika ukutani. Mifuko ya kaki ya dukani, iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, ni migumu na ina rangi ya udongo inayokwenda na kila kitu, tutaihitaji hapa hapa. Risiti za dukani, zile za mashine ya EFD, usiziguse kwa kazi hii: zinang'aa, lakini zikipata joto hugeuka nyeusi, na maandishi yake hufifia.

Kalenda ndiyo mama wa shanga. Hata hivyo usiikate kabla hujajua nyuzinyuzi zake zimelala upande gani. Karatasi ya kiwandani ina mlalo: nyuzinyuzi zake nyingi zimeelekea upande mmoja, na ukiisokota kinyume chake inakataa, inafumuka, na ule ung'avu wa juu unapasuka mistari mistari. Kipimo ni rahisi. Kata kipande cha mraba pembeni mwa ukurasa, uweke alama upande wake mmoja ili ujue kilivyokaa, kisha ulowanishe uso mmoja kwa kidole. Karatasi itaanza kujikunja yenyewe. Bomba linalojitokeza, urefu wake ndio mlalo wa nyuzinyuzi. Shanga zako zitasokotwa vizuri ikiwa tundu la ushanga litafuata mlalo huo huo, maana yake utepe utaukata ukivuka nyuzinyuzi. Nimewaona watu wenye mikono mizuri kabisa wakihangaika na gundi na vibanio vya nguo kwa sababu ya jambo hili moja, na dawa yake ni tone la maji.

Vipimo vya pazia. Kalenda kubwa ya ukutani mara nyingi ina ukurasa wa sentimita 42 kwa 59.4. Mlalo ukifuata upande mrefu, tepe zako zitakuwa na urefu wa sentimita 42. Ugeuze ukurasa upande usio na picha. Kwenye ukingo mmoja mrefu weka alama kila sentimita 2.5 ukianzia kwenye kona. Kwenye ukingo wa pili anzia sentimita 1.25, halafu uendelee kila 2.5. Unganisha alama kwa penseli, kwenda na kurudi, upate pembetatu ndefu nyembamba zilizopishana, moja imeelekea huku na nyingine kule. Ukurasa mmoja unakupa pembetatu kama 45. Kata kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe mpya juu ya boksi nene. Mkasi kwa urefu huu huyumba, na ukingo ulioyumba utauona kwenye kila ushanga. Kama mlalo unafuata upande mfupi, kata ukurasa katikati upate vipande viwili vya 42 kwa 29.7, upige alama kwenye kingo za 42. Shanga zitakuwa nyembamba kidogo, lakini zitakuwa nyingi zaidi.

Nikae kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapa ndipo pazia linapokuwa zuri au la kawaida. Picha yenyewe haitaonekana. Simba, mnara, sura ya mkurugenzi, vyote vitapotea ndani. Ushanga ukikamilika, jicho linaona vitu viwili tu: kingo za utepe, zinazojipanga mistari ya pete kuelekea kwenye matundu, na ile ncha ya mwisho, sentimita chache zinazofunika tumbo la ushanga. Kwa hiyo ukishika ukurasa, usitazame katikati. Tazama kingo mbili ambako ncha zitaangukia. Ukingo mmoja ukiwa bahari na wa pili mchanga, nusu ya shanga za ukurasa huo zitakuwa na tumbo la buluu na nusu tumbo la rangi ya mchanga. Ukingo mweupe usio na wino uukate kwanza, la sivyo kila tumbo litakuwa jeupe. Na sehemu ya tarehe, ambayo wengi huitupa, usiitupe: nambari na mistari yake hugeuka madoadoa meusi na meupe ambayo yanapoza rangi kali za jirani zake.

Panga shanga kwa rangi kwenye vifuniko vya ndoo kabla hujatunga hata moja. Mimi huazima mpango wa kanga: nyuzi za pembeni zote mbili, pamoja na shanga za mwisho chini, nazipa rangi nzito kuwa pindo, na katikati, kwenye mji, naweka rangi nyepesi na madoa. Anayelelewa na kanga anaitambua mizani hiyo hata kama hajui kwa nini pazia limemtulia machoni.

Kusokota

Utahitaji njiti za mishikaki, gundi nyeupe ya maseremala na brashi ndogo. Gundi ya unga wa ngano naipenda, ila si kwa kazi hii. Kwenye karatasi inayong'aa inashika polepole, na katika joto la pwani mende huifuata. Iweke kwa bakuli za gazeti: unga kikombe 1, maji vikombe 4, ukoroge kwanza na maji baridi usipate mabuja, uchemshe kwa moto mdogo hadi ipoteze weupe, na utie karafuu chache tangu mwanzo, maana karafuu huzuia ukungu.

Weka utepe mezani, picha ikitazama chini, upande mpana ukielekea kwako. Lowanisha njiti kwa pumzi ya mdomo au uipitishe kwenye kitambaa kibichi, isiteleze. Laza upande mpana juu ya njiti, uanze kusokota kwa vidole gumba, ukivuta kidogo ili karatasi ikaze. Mizunguko mitatu ya kwanza ndiyo yote. Ikiwa imelegea, ushanga utakuwa na tundu linalopanuka na hautapona. Usipake gundi mpaka ufike theluthi ya mwisho, na hapo paka kwa ncha ya brashi, filamu nyembamba tu kutoka ukingo hadi ukingo. Tazama ncha: nafasi iliyobaki kushoto na kulia kwake iwe sawa kila unapozungusha. Ikianza kukimbilia upande mmoja, usiirudishe kwa kuvuta, fungua mzunguko mmoja uielekeze upya. Ukimaliza, bonyeza ncha kwa kidole, hesabu mpaka kumi, uchomoe njiti kwa kuizungusha. Tumbo la ushanga linafika karibu sentimita 1 kwa unene.

Mikono ikizoea, hii ni kazi ya kuongea. Jioni umeme ukiwa umekatika, tukiwa tumekaa kwenye mkeka kibarazani, mpwa wangu alishika ushanga uliokwisha pakwa vanishi akaugonga na jino. "Shangazi, hiki si kioo?" Nikamwambia aukate katikati kwa wembe atazame. Akahesabu miduara ya karatasi akachoka, na tangu hapo yeye ndiye fundi wetu wa ncha.

Vanishi ni ya lazima, hasa kwetu pwani ambako karatasi hunywa unyevu wa hewani. Wengine hupaka gundi nyeupe iliyozimuliwa. Inang'aa vizuri siku ya kwanza, lakini masika yakiingia inalainika na shanga zinashikana. Tumia vanishi ya maji, isiyo na rangi. Ile ya mafuta hugeuza weupe kuwa manjano kadiri siku zinavyokwenda, na harufu yake ni kali. Chomeka shanga kwenye njiti, shanga mbili tatu kila njiti zisigusane, usimamishe njiti kwenye kipande cha mgomba au boksi lililotobolewa, upake mara mbili, ukiacha mkono wa kwanza ukauke kabisa. Kusi ikivuma baada ya masika, upepo unakufanyia nusu ya kazi. Wakati wa masika acha usiku kucha, na zaidi.

Kutunga

Mlango wa sentimita 80, ukiweka uzi kila sentimita 4, unataka nyuzi 21. Kila uzi naupa shanga 25 za kalenda, na kati yake vibomba 25 vya kaki. Vibomba ni rahisi: vipande vya sentimita 5 kwa 12 kutoka kwenye mifuko, visokote juu ya njiti ile ile, gundi mwishoni, vanishi mara moja. Jumla ya urefu ni sentimita 187 na nusu, unaoacha upenyo chini mlango ukafagiliwa. Ukipiga hesabu ni shanga 525, na kalenda ya kurasa 12 inatoa zaidi kidogo ya hizo. Vibomba vile usivione kuwa vya kujaza nafasi. Rangi ya kaki ndiyo inayozipa shanga pa kupumulia. Pazia lililojaa shanga tupu, kwa jicho langu, linachosha.

Tungia mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Anza chini: funga nati ndogo ya chuma uliyoizungushia utepe wa kaki, fundo mara mbili kwa sababu nailoni huteleza, uache mkia mfupi na uuyeyushe kwa ncha ya kiberiti uwe kitone. Nati hiyo ina kazi. Karatasi ni nyepesi, na bila uzito chini upepo utalivuruga pazia lote, nyuzi zijifunge zenyewe kwa zenyewe. Panda juu, kibomba, ushanga, kibomba, ushanga, ukiacha mshipi wa kutosha kufungia. Juu tumia ubao mwembamba uliotobolewa kila sentimita 4, kila mshipi upite tundu lake ufungwe juu ya msumari mdogo. Funga uzi wa kwanza, wa katikati na wa mwisho kabla ya nyingine, usimame mbali utazame kama chini pamelingana.

Usilitundike mlango wa nje unaopigwa na mvua ya moja kwa moja, wala dirisha la jua la mchana, kwani wino hufifia. Vumbi lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, uzi mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini. Ung'avu ukipungua, lipake vanishi likiwa limetundikwa hapo hapo, gazeti likiwa sakafuni.

Vipande vya pembeni, kingo nyeupe na pembetatu zilizokatwa vibaya, viloweke kwenye ndoo pamoja na magazeti na trei za mayai usiku mmoja. Asubuhi twanga kwenye kinu cha zamani usichotwangia chakula tena, ukamue kwa kitambaa, uchanganye na ile gundi ya karafuu, ubandike nje ya bakuli la plastiki ulilolifudikiza na kulipaka mafuta ya kula. Likikauka litabanduka lenyewe, na madoa ya rangi za kalenda yatabaki ndani ya kuta zake.