Matini Okotwa katika Sanaa ya Kolaji: Suala la Usomaji kwa Kurejelea Rulenge

1.0 Utangulizi

Kolaji ni sanaa ya kubandika vipande vya karatasi, kitambaa, picha na vitu vinginevyo juu ya uso mmoja ili vijenge kazi mpya. Miongoni mwa vipande hivyo mara nyingi huwamo maandishi ambayo msanii hakuyatunga: ukurasa wa gazeti, tiketi, lebo ya kopo, au fomu ya ofisi. Maandishi ya namna hiyo yanaitwa hapa matini okotwa. Upo mwelekeo wa kuyahesabu kama rangi au umbo tu, yaani kuyatazama bila kuyasoma. Makala haya yanadai kwamba matini okotwa huingia katika kolaji pamoja na msemaji wake na msemewa wake wa awali, na kwamba maana ya kazi hutokana na jinsi msanii anavyouvuruga uhusiano huo.

2.0 Chimbuko la Mbinu

Mbinu hii ilipata nguvu nchini Ufaransa mwaka 1912, wakati Pablo Picasso na Georges Braque walipoanza kubandika karatasi zilizochapwa katika kazi zao. Katika kazi moja ya mwaka huo yenye gitaa, Picasso alibandika kipande cha gazeti Le Journal. Jina la gazeti lilikatwa, zikabaki herufi zinazomkumbusha msomaji wa Kifaransa neno la mchezo; chini yake kilibaki kichwa cha habari kuhusu vita vya Balkani. Mchezo na vita vimekaa pamoja, na asiyesoma herufi hizo haoni mgongano uliopo. Vilevile, Kurt Schwitters wa Ujerumani aliipa sanaa yake jina la Merz mwaka 1919 kutokana na kipande cha tangazo lenye neno Kommerz, yaani biashara. Katika mifano yote miwili, mkasi ndio uliofanya kazi ya kalamu.

3.0 Wasanii wa Afrika Mashariki

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, ambako alipata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Kuanzia mwaka 2007 alikusanya kurasa za gazeti The Guardian zenye picha za watu weusi, akachunguza namna picha hizo zilivyowekwa karibu na vichwa vya habari vinavyowadhalilisha. Alipaka rangi na nakshi juu ya sehemu za kurasa na kuziacha nyingine zisomeke. Hakuongeza hoja yake kwa maneno. Alilifanya gazeti lijishuhudie lenyewe.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, alibandika sura za wanawake zilizokatwa magazetini juu ya michoro ya zamani ya kitabibu kuhusu maradhi ya uzazi. Mfululizo huo wa kazi 12 wa mwaka 2006 unatumia istilahi za kitabibu kuwa majina ya kazi. Lugha iliyokusudiwa kuuainisha mwili wa mwanamke inageuzwa kuwa jina la uso unaomkodolea macho mtazamaji.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili si geni. Mvaaji wa kanga hakulitunga jina la kanga yake. Amelichagua dukani, na kwa kulivaa mbele ya mtu fulani amelifanya kauli yake. Tofauti ni kwamba jina la kanga limeandikwa ili lichaguliwe, ilhali fomu na lebo hazikuandikwa kwa nia hiyo.

4.0 Mfano wa Rulenge

Rulenge, katika Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, inadhihirisha uzito wa tofauti hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi waliokadiriwa kuwa 250,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Kambi ya Benaco iliyoanzishwa hapo ilipata jina lake kwa kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara; hata jina la mahali lilikuwa limeokotwa. Maturubai ya plastiki yalibeba herufi UNHCR, na magunia na makopo ya msaada yalibeba majina ya wafadhili. Nyumbani wenyeji wa Ngara huzungumza Kihangaza au Kishubi, na katika shule za msingi hufundishwa hasa kwa Kiswahili. Maandishi hayo ya kigeni yaliwafikia kwanza kama alama za mamlaka.

Msanii wa Rulenge au Biharamulo akibandika leo kipande cha turubai kama hilo, hatumii rangi ya buluu tu. Anamrejesha msemaji aliyetoa, aliyehesabu na aliyegawa. Akizikata herufi, anagusa mamlaka hayo. Akiziacha nzima, huenda akayaendeleza.

Kadi ya mgao wa chakula ina tatizo zito zaidi. Ilikuwa na taarifa za mtu na kaya yake, naye hakuziandikisha ili zitundikwe ukutani. Wakimbizi wa Rwanda waliondolewa Ngara Desemba 1996, na wengi hawapo karibu wa kuulizwa idhini. Hapa kufunika maandishi kunaweza kuwa wajibu wa utu kabla ya kuwa uamuzi wa kisanaa. Himid alifunika ili kulihoji gazeti lenye nguvu. Mwenye kadi hana nguvu hiyo, naye anahitaji kusitiriwa.

5.0 Hitimisho

Mhakiki wa kolaji yenye maandishi anapaswa kuuliza maswali matatu: nani alisema na kumwambia nani, nini kimekatwa, kimefunikwa au kimeachwa kisomeke, na nani ananufaika au kuumia maandishi hayo yanaposomwa upya. Swali la kwanza ni la historia, la pili ni la umbo, na la tatu ni la maadili. Uhakiki unaoishia katika la pili hueleza jinsi kipande kilivyobandikwa, lakini humwacha nje mtu ambaye kipande hicho kilimtaja.