Mafunzo Niliyopata Nikihamishia Nyimbo za Mpakani kwenye Piano

Nimefundisha kwaya Busia, ng'ambo hii na ile ya mpaka wa Kenya na Uganda, tangu ujana wangu. Wewe unayetaka kutunga nyimbo za jukwaani kutokana na muziki wa nyumbani, nakuachia haya.

1. Sikiliza vidole kwanza

Jioni moja Tororo, upande wa Uganda, niliketi na wazee wa Kiteso wakipiga akogo, marimba ya vidole. Nilikwenda kunakili sauti ya mwimbaji. Kilichonishangaza ni kwamba aliponyamaza, wimbo haukusimama: akogo ndogo ziliendelea kujibizana, kubwa zikishika besi, na watu wakacheza vilevile. Hapo nikamwelewa Manuel de Falla, mtunzi wa Hispania. Katika nyimbo zake saba za Kihispania za mwaka 1914, sauti nyingi za wenyeji aliziacha karibu kama alivyozikuta. Jasho lake lilimwagika kwenye piano, akaifanya idunde kama gitaa la kwao. Basi mkono wa kushoto upe kazi ya akogo kubwa, wa kulia kazi ya ndogo, na katikati usijaze harmonia nzito za kanisani. Zinaua ule mwendo wa kukimbizana, na mwendo huo ndio wimbo wenyewe.

2. Anza na nyimbo za kubembeleza watoto

Bibi mmoja wa Kisamia aliniimbia huku mjukuu akisinzia mgongoni. Noti chache tu, bila ngoma, na hakuna kilichopotea nilipoziandika. Falla anao wimbo wa aina hiyo kati ya saba zake. Alberto Ginastera wa Argentina anao kati ya tano zake za 1943. Hata wimbo wa taifa wa Kenya wa 1963 ulitoka kwa mama wa Kipokomo anayembembeleza mwanawe, na mmoja wa walioutengeneza, George Senoga-Zake, alizaliwa Uganda. Ngoma za kucheza zisubiri mpaka mkono wako ukomae.

3. Uliza wimbo unaimbwa lini

Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Wimbo nilioupata Tororo kwenye sherehe niliukuta Amagoro, upande wa Kenya, ukiimbwa polepole, matangani. Sikuchagua mmoja. Niliandika zote mbili, na juu ya kila karatasi nikaweka kijiji na jina la aliyeniimbia. Wanakwaya wangu wa Kenya wanaupenda zaidi ule wa Tororo.