Neno "Jinsia": Maana na Matumizi Yake

Mwalimu tarajali atakayefundisha Kiswahili katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, atakutana na wanafunzi ambao nyumbani husema Kimwani, Kimakwe au Kimakonde, shuleni husoma kwa Kireno, na madrasa wameonja Kiarabu. Kwa wanafunzi wa namna hiyo neno jinsia si jepesi kama linavyoonekana, kwa kuwa kila lugha waliyonayo hulivuta upande wake.

Tuanze na kosa lenyewe. Baada ya mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na yale ya Palma ya Machi 2021, watu wengi wa pwani hiyo walihama makwao na kuandikishwa kwa fomu, wengine zaidi ya mara moja. Mwanafunzi wangu mmoja alileta darasani fomu ya Kireno aliyokuwa amejitolea kuwatafsiria jamaa zake. Penye neno sexo aliandika "Ngono". Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana nilimwaza bibi mzee aliyesimama kwenye foleni akisomewa swali hilo mbele ya mkwewe.

Kireno hutumia neno sexo kwa mambo mawili: hali ya mtu kuwa mwanamume au mwanamke, na tendo la kukutana kimwili. Kiswahili huyatenga. La kwanza ni jinsia. La pili ni ngono, au kwa lugha ya staha zaidi, kujamiiana. Maneno hayo hayabadilishani nafasi hata kidogo.

Fomu hiyo ilikuwa na kosa la pili ambalo hakuna aliyeliona. Chini ya swali palikuwa na herufi M na F, naye aliziacha zilivyo. Katika Kiswahili mwanamume huanza na M, na mwanamke vilevile. Hata Kireno chenyewe hakituokoi: M ya masculino ni mwanamume, lakini katika majedwali ya takwimu yenye H na M, herufi H ni homens, yaani wanaume, na M ni mulheres, yaani wanawake. Herufi ileile imegeuka. Kiswahili kina desturi ya kuandika "Me" na "Ke", kutokana na mashina -ume na -ke, nayo yatosha. Hata hivyo, nafasi ikiruhusu, mimi hupendelea maneno kamili.

Sasa tutazame asili ya neno. Kiarabu kina jins, yaani aina. Kwetu limezaa jinsi, lenye maana ya namna: "jinsi ya kusuka ukili", "jinsi alivyojibu", "hapana jinsi". Jinsia limetoka katika shina hilohilo, ila katika Kiarabu cha leo jinsiyya ni uraia. Mwanafunzi mwenye ndugu Oman, aliyezoea kuona neno hilo katika vitambulisho, anaweza kujaza "Msumbiji" mahali pa jinsia. Usimwambie kwamba hajui kusoma. Amesoma vizuri, ila kwa Kiarabu.

Kisarufi, jinsia imo katika ngeli ya I-/ZI-, na umbo lake halibadiliki katika wingi: jinsia yake imeandikwa, jinsia zote mbili zimewakilishwa. Kivumishi chake huundwa kwa -a unganifu na ki-: usawa wa kijinsia, ukatili wa kijinsia.

Katika mifano hiyo miwili ya mwisho maana imekwisha kupanuka. Hatuzungumzii maumbile tu, bali nafasi na majukumu ambayo jamii humpangia mwanamume au mwanamke. Kireno hapo huacha sexo na kutumia género, kama katika jina la Itifaki ya SADC ya Jinsia na Maendeleo ya mwaka 2008. Nchini Tanzania wapo wanaofundisha kwamba jinsi ni maumbile na jinsia ni mahusiano ya kijamii. Tofauti hiyo yafaa katika semina na katika vitabu vya uraia, na mwalimu aijue. Lakini nimeona fomu zenye "Jinsi" na nyingine zenye "Jinsia", zote zikiuliza jambo moja, wala mjazaji hasiti. Kwa hiyo usimkosoe mwanafunzi aliyetumia jinsia kwa maumbile.

Género huleta mtego mwingine. Katika sarufi ya Kireno ni mgawanyo wa nomino za kiume na za kike, na wanafunzi huuliza "jinsia ya neno meza". Meza haina jinsia, ina ngeli. Tena upatanisho wetu haufichui jinsia ya mtu: "Mwalimu amefika" haisemi kama ni o professor au a professora. Panapohitajika, tunaongeza: mwalimu wa kike.

Vilevile mulher ni mwanamke, tena ni mke. Ndiyo maana utasikia "mwanamke wangu ni mgonjwa" kutoka kwa mume mwenye heshima zake, asiyejua kwamba masikioni mwa Mswahili amemtaja hawara. Sahihisha kwa faragha: "mke wangu".

Zoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili maneno sexo, género na mulher katika fomu ya kuandikisha wanafunzi, kisha eleza kwa nini hukuchagua neno jingine.

2. Sahihisha: "Jinsia wote wawili wanaruhusiwa", "Nieleze jinsia ulivyofika Palma", "Kitabu ni jinsia ya kiume."

3. Andika sehemu ya fomu inayouliza jinsia, ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kusomewa hadharani pasipo kuona haya.