Je, Meno ya Plastiki Yapo?

Leo tuzungumze juu ya fizi za watoto wetu. Mimi ni tabibu msaidizi. Nina cheti, nina umri wa miaka 26, na ninafanya kazi katika zahanati ya kijiji kimoja hapa Karagwe. Mimi ni kijana, na katika gazeti hili wanasoma wazee walionizidi mengi. Lakini nimeona jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Msimu wa mvua uliopita mama mmoja alifika zahanati alfajiri. Alikuwa ametembea tangu usiku. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga. Umri wake ulikuwa miezi tisa. Mama akaniambia, "Daktari, leo ni siku ya nne anaharisha."

Nilimtazama mtoto. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilifinya ngozi ya tumbo lake taratibu, kisha nikaiachia. Haikurudi upesi. Ilibaki imejikunja. Nilimpa maji kwa kijiko, yakatoka pembeni mwa mdomo. Nilipofungua mdomo wake niliona fizi za chini zina vidonda viwili, kimoja kila upande. Vilikuwa vimevimba na vina damu iliyoganda.

Nikauliza, "Mama, hapa amefanywa nini?"

Mama akainamisha kichwa. "Juzi tulimpeleka kung'olewa meno ya plastiki."

Nilitafuta mshipa wa kumwekea maji, nikaukosa. Nikautafuta tena. Tukaita bodaboda ili wawahi hospitali. Hawakufika. Walirudi kabla jua halijawa kali, na mtoto alikuwa amefunikwa kanga mpaka usoni.

Jioni nilikwenda msibani. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango aliniita. Ni mtu wa kitongoji kimoja na mama yangu mzazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeona? Tulichelewa. Tungemng'oa siku ya kwanza, angepona."

"Bibi, mtoto ameishiwa maji mwilini. Meno hayakuwa na kosa."

Bibi akanitazama mdomoni. "Wewe mwenyewe uling'olewa. Mimi ndiye niliyekushika miguu. Ulikuwa unaharisha, hufungui macho. Siku ya tatu ukaanza kucheka. Mbona uko hai?"

Ni kweli. Jino langu moja la chonge la chini halikuota kabisa, na la pili limeota limepinda. Nilipokuwa shule wenzangu walinicheka. Nilijua sababu yake, lakini sikuwahi kuiwaza. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa bibi. Nilisema pole, nikakaa chini na wengine.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimeliwaza neno la bibi mara nyingi. Bibi si mjinga. Aliona kwa macho yake. Mtoto aliugua, akang'olewa, akapona. Sasa tulitazame jambo hili polepole, kama mtu anavyochambua maharage, punje moja moja.

Kwanza, ni kitu gani kinachong'olewa?

Mtoto anapozaliwa, meno yake ya utotoni yamo tayari ndani ya fizi. Hayaonekani. Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miezi sita hivi. Meno ya chonge, yale yenye ncha, huchelewa. Hutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kabla ya kutoka huinua ufizi. Ukitazama unaona uvimbe mdogo mweupe. Ni jino changa linakua, na kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Likichimbuliwa kabla halijakomaa huwa laini na jeupe. Ndiyo maana mng'oaji akilionyesha kiganjani, mzazi anaamini kwamba ni plastiki kweli, au ni funza.

Tena tujiulize juu ya jina lenyewe. Wengine husema meno ya plastiki, wengine meno ya nailoni. Jirani zetu wa Uganda husema ebino. Katika miaka ya 1980 habari za meno ya nailoni zilienea sehemu nyingi za Tanzania. Lakini watoto waliharisha kabla ya hapo. Waliharisha hata zamani, wakati hakuna mtu hapa kwetu aliyekuwa na ndoo ya plastiki wala kamba ya nailoni. Ugonjwa ni wa kale, jina ni jipya.

Pili, kwa nini mtoto huharisha wakati uleule fizi zinapovimba?

Hapa ndipo tunapodanganyika. Katika miezi sita mtoto anaanza kupewa uji na maji. Kikombe kikiwa kichafu, anakunywa uchafu. Anaanza kutambaa. Anaokota udongo na mavi ya kuku, anatia mdomoni. Nayo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imeanza kupungua. Basi kuharisha kunakuja, na meno yanakuja. Yanafuatana njiani kama wasafiri wawili, lakini hakuna anayemvuta mwenzake. Homa nayo huja wakati huo, kwa sababu mbu hachagui umri.

Nikafikiri, nitawaonyeshaje watu jambo hili? Siku ya kliniki akina mama walikaa chini ya mparachichi wakisubiri mzani. Niliwasalimu, nikawaomba tusaidiane kuhesabu.

Nikauliza, "Nani mtoto wake aliharisha, akang'olewa meno, akapona?" Mikono mingi ikainuka. Wakatazamana na kutabasamu, kama watu walioshinda kesi.

Nikauliza tena, "Nani mtoto wake aliharisha, hakung'olewa, akapona?" Mikono ikainuka mingi zaidi. Kicheko kikaisha. Mama mmoja alikuwa ameinua mkono mara zote mbili. Akasema, "Wa kwanza tulimng'oa. Wa tatu baba yake alikuwa safarini, hatukuwa na fedha ya kumpa mng'oaji. Naye alipona hivihivi."

Kisha niliuliza swali la tatu. "Nani mtoto wake aling'olewa, na bado hakupona?" Kimya kikawa kirefu. Mkono mmoja uliinuka, ukashuka upesi. Mwingine ukainuka nyuma kabisa. Nakiri hapa kwamba swali hilo sikupaswa kuliuliza mbele ya watu. Mzazi aliyefiwa hapaswi kuinua mkono hadharani. Baadaye niliwaendea wale akina mama na kuwaomba radhi.

Lakini jibu lilikuwa limeonekana. Kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku chache, maadamu mtoto haishiwi maji. Mtoto huyo akipelekwa kwa mng'oaji siku ya tatu, atapona siku ya tano, na mng'oaji atasifiwa. Asipopelekwa, atapona siku hiyohiyo ya tano, na hakuna atakayesifiwa. Na akifa baada ya kung'olewa, tunasema alicheleweshwa. Hivyo mng'oaji hashindwi kamwe. Mtoto akipona, ni kazi yake. Mtoto akifa, ni kosa la mama.

Nami nilipona hivyo. Nilipona kuharisha, na zaidi ya hapo nikapona jeraha. Jeraha hilo si dogo. Chombo ni spoki ya baiskeli, msumari au kisu. Kinaingizwa katika ufizi wa mtoto huyu, kisha wa yule. Kinaweza kuleta pepopunda. Kinaweza kuhamisha virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Mtoto mdogo ana damu kidogo, hata kikombe kimoja ni kingi kwake. Na kidonda cha mdomoni kinamzuia kunyonya, wakati anahitaji kunyonya kuliko siku zote.

Nyote mnajua mnyauko wa migomba. Ulionekana mkoani kwetu mwaka 2006. Tulijifunza kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa kwa mgomba mzima. Leo mkulima mwangalifu wa Kayanga au Nkwenda hapokei panga la jirani mpaka lipitishwe motoni. Je, mgomba una thamani kuliko ufizi wa mtoto?

Wako watakaosema kijana huyu anadharau mambo ya wazee. Mimi nakumbuka habari nyingine ya hapahapa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Waliona wafanyabiashara wanakonda na kufa. Wakasema wamerogwa na wenzao wa ng'ambo kwa sababu ya dhuluma. Jambo waliloliona lilikuwa kweli, wafanyabiashara walikuwa wanakufa. Sababu waliyoitaja haikuwa kweli. Na wakati watu walipokuwa wanamtafuta mchawi, ugonjwa uliendelea kupita nyumba kwa nyumba. Wazee wa leo ndio waliozika. Wao wanajua kuliko mimi gharama ya kukosea sababu.

Basi mtoto akiharisha, tufanye nini?

Chukua pakiti ya chumvichumvi, ile iliyoandikwa ORS. Nawa mikono. Pima lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mimina pakiti yote, koroga. Usiongeze sukari wala chumvi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwage, utengeneze mengine. Mtoto aendelee kunyonya. Kama ameanza kula, aendelee kula. Zahanati itakupa pia vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi sita au zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, na wa chini ya miezi sita nusu yake, kwa siku 10 hadi 14. Usiache hata kama ameacha kuharisha.

Usisubiri nyumbani ukiona macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea hataki kuamka, au choo kina damu. Akiwa na homa, tutampima malaria kwa tone la damu, na akikutwa nayo tutampa dawa mseto. Akipumua mbiombio, mlete siku hiyohiyo, huenda ni nimonia. Ndiyo magonjwa ambayo mara nyingi tunayaita meno.

Sisi wa zahanati nasi tuna makosa yetu. Zahanati ni mbali, na siku nyingine ukifika unaambiwa dawa zimekwisha. Wako wenzetu wanaomkaripia mama mbele ya watu, naye safari ijayo anakwenda kwa mng'oaji, kwa sababu kule anapokewa kwa upole. Na zipo imani zetu za vituoni. Watu wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, nasi wakati mwingine tunanyamaza ili tuonekane mafundi. Kwa mtoto anayeharisha na bado anaweza kunywa, kikombe na kijiko vinatosha. Hahitaji sindano.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuamrishwa tu kuamini. Waliulizana kwanza. Naomba vikundi vyetu vya kusoma vifanye vivyo hivyo juu ya jambo hili, na mama wakwe na akina baba wawepo, maana mara nyingi mama wa mtoto si yeye anayeamua.

Yule bibi nilimtembelea tena wiki iliyopita. Nilimpelekea pakiti mbili za chumvichumvi, tukazitengeneza pamoja katika ndoo yake. Alionja, akakunja uso. Akasema, "Haya si matamu." Hakusema ameacha kuamini meno ya plastiki. Alisema mjukuu wake mwingine akiharisha ataniita kwanza, halafu tutaona.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kitongoji chenu, ni watoto gani walioharisha mwaka huu wakapona bila kung'olewa meno? Wahesabuni.

2. Nani nyumbani kwako anaamua mtoto mgonjwa apelekwe wapi? Je, mtu huyo amesoma au kusomewa somo hili?

3. Pimeni lita moja kwa vyombo mlivyo navyo. Ni chupa gani au kikombe gani kijijini kwenu kinachoweza kutumika?

4. Mtoto akizidiwa saa nane usiku, ni nani mwenye pikipiki atakayeamka, na mafuta yatalipwa na nani?