Je, Simu Yaweza Kutambua Ugonjwa wa Akili?

Siku hizi zipo simu zinazouliza maswali ya afya. Mtu hujibu, kisha simu humwambia, "Una dalili za sonona." Sonona ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa huwa na huzuni nzito siku nyingi mfululizo. Hakuna kinachomfurahisha. Hukosa usingizi, huchoka, na kazi ya shamba humshinda. Je, tuliamini jibu la simu?

Mizani hukaguliwa kwanza

Ukipeleka pamba kuuza na mizani ni mbovu, utapunjwa. Ndiyo maana mizani hukaguliwa kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Ukiweka jiwe la kilo 20 na mizani ikaonyesha kilo 17, mizani hiyo haifai.

Maswali ya ugonjwa nayo hukaguliwa. Watu wengi hujibu maswali hayo. Kisha mtaalamu wa magonjwa ya akili huzungumza na kila mmoja, bila kuonyeshwa majibu yake. Mwishoni, matokeo ya maswali na maoni ya mtaalamu hulinganishwa. Hapa mtaalamu ndiye jiwe la mizani.

Yako maswali 9 ya sonona yanayoitwa PHQ-9. Programu nyingi za simu huyatumia. Huuliza hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Mwaka 2001, wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kuyakagua. Mtu mwenye alama 10 au zaidi alihesabiwa kuwa na dalili. Kati ya kila wagonjwa 100 wa sonona, maswali yaliwatambua 88. Wagonjwa 12 hawakuonekana. Na kati ya kila watu 100 wasio na sonona, 12 walihesabiwa kuwa nayo kwa makosa.

Tufanye hesabu

Tuseme kijiji kina watu wazima 1,000, na 50 kati yao wana sonona. Maswali hayo yatawatambua 44 na kuwaacha 6. Wasio na sonona ni 950. Kati yao, 114 watatajwa kwa makosa. Basi watu 158 wataambiwa wana dalili, lakini wagonjwa wa kweli kati yao ni 44 tu!

Kwa hiyo simu ni kama chekeche. Huchambua, lakini haihukumu.

Lugha nayo ina kazi

Mmoja husema, "Nina huzuni." Mwingine husema, "Nina mawazo." Kwa hiyo maswali yakitafsiriwa, yakaguliwe tena. Huko Zimbabwe, Washona husema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Katika miaka ya 1990, wataalamu huko walitunga maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe.

Tena, angalia nani anasoma maswali. Mama akisomewa na mwanawe, huenda akaficha machungu yake. Jibu la simu halitakuwa la kweli.

Fanya hivi

1. Simu ikisema una dalili, usiogope. Nenda zahanati au kituo cha afya ukaonane na mhudumu.
2. Simu ikisema huna kitu, nawe bado huli, hulali, au huna raha, nenda vilevile.
3. Mtu akisema anataka kufa, usisubiri simu wala alama. Usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.
4. Usimwite mtu mwendawazimu kwa sababu ya jibu la simu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtaalamu haonyeshwi majibu ya maswali kabla ya kuzungumza na mtu?
2. Katika hesabu yetu, ni wagonjwa wangapi waliachwa? Wangepata hasara gani kama wangeiamini simu?
3. Kijijini kwenu, mtu mwenye huzuni nzito husema maneno gani?