SOMO: MSTARI MMOJA NI ALAMA NGAPI?



Sisi tunaolipwa kwa kilo ya majani ya chai au kwa idadi ya vipande tunajua kwamba mwenye mizani ndiye mwenye mshahara. Leo tujifunze kwa wenzetu wa Marekani, wapiga taipu wa taarifa za madaktari. Husikiliza sauti ya daktari iliyorekodiwa, huiandika, na kwa miaka mingi wengi wao wamelipwa kwa mstari.

Mstari ni nini? Kipimo kilichozoeleka ni alama 65, pamoja na nafasi baina ya maneno. Lakini mwaka 2007 kamati ya jumuiya mbili za shughuli hiyo ilipendekeza zihesabiwe alama zinazoonekana tu, nafasi ziachwe.

Tupige hesabu. Tuseme kazi ina alama 13,000. Gawa kwa 65: mistari 200. Kwa senti 10 kila mstari, ni dola 20. Sasa tajiri asema, "Nimewaongeza, chukueni senti 11!" Kumbe ameondoa nafasi 2,000. Zimebaki alama 11,000, yaani mistari 169. Malipo ni dola 18 na senti 59. Bei imepanda, mfuko umepungua.

Basi, kabla ya kujadili bei, tudai:

1. Kipimo kiandikwe wazi katika mkataba.
2. Kipimo anachomtozea mteja kiwe hicho hicho anachotulipia.
3. Kila mfanyakazi aruhusiwe kuhesabu mwenyewe.
4. Kipimo kisibadilishwe bila mapatano na chama.

Swali la kujadili tawini: mizani yetu, nani huikagua?