SOMO KWA WAFANYABIASHARA: KUJIKINGA NA WANUNUZI WADANGANYIFU WA NCHI ZA NJE

Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba, wakubwa kwa wadogo, huuza bidhaa zao kwa wateja wa nchi za nje kwa njia ya intaneti. Mikoba ya ukili, sabuni za mwani, viungo na masanduku ya nakshi husafirishwa bila ya muuzaji na mnunuzi kuonana uso kwa uso. Fursa hiyo ina kheri nyingi, lakini imewafungulia mlango pia watu wenye nia mbaya.

Jambo la msingi la kuzingatiwa ni hili: malipo ambayo bado yanaweza kurudishwa hayajawa malipo kamili. Hila tatu zifuatazo zote hutegemea muuzaji kulisahau jambo hilo.

Hila ya kwanza ni taarifa ya uongo. Mnunuzi hutuma barua pepe inayofanana na ya benki, ikieleza kwamba fedha zimezuiliwa hadi bidhaa zisafirishwe. Benki haina desturi hiyo. Muuzaji aangalie hesabu yake mwenyewe au aulize kwenye tawi lake, wala asifuate kiungo kilichomo ndani ya barua hiyo.

Hila ya pili ni malipo ya ziada. Tuseme msusi ameuza mikoba ya dola 600. Mnunuzi analipa dola 2,100 kwa kadi, kisha anaomba dola 1,500 zipelekwe haraka kwa "wakala wa usafirishaji". Kadi ni ya wizi. Mwenyewe anapolalamika, benki huzirudisha dola zote 2,100. Msusi anabaki amepoteza dola 1,500 taslimu pamoja na mikoba yake, na wakala haonekani tena. Kwa hiyo, malipo yaliyozidi yasigawanywe kwa mtu wa tatu. Muuzaji airejeshe fedha yote kwa njia ile ile iliyojia, na asipeleke bidhaa.

Hila ya tatu ni kukana. Mnunuzi hupokea mzigo, kisha huiambia benki yake kwamba haukufika au haukuwa ulioagizwa. Kwa kadi za Visa na Mastercard, madai ya aina hiyo kwa kawaida huweza kufunguliwa hadi siku 120. Ngao ya muuzaji ni ushahidi. Atumie huduma yenye namba ya kufuatilia na saini ya mpokeaji. Aupige picha mzigo kabla ya kufungwa na ukiwa juu ya mizani. Na ahifadhi stakabadhi na mazungumzo yote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aidha, mnunuzi akitaka kubadilisha anuani baada ya kulipa, muuzaji asimame kwanza na kuhakikisha.

Kwa shehena kubwa, njia iliyo salama zaidi ni malipo ya awali yaliyopokewa benki, au barua ya dhamana ambayo benki ya mnunuzi huahidi kulipa ikikabidhiwa nyaraka zilizotajwa. Kanuni za kimataifa za barua hizo, ziitwazo UCP 600, zimetumika tangu tarehe 1 Julai 2007. Chini ya kanuni hizo benki huangalia nyaraka, si bidhaa. Hivyo kosa dogo katika nyaraka linaweza kuzuia malipo. Barua ya dhamana iliyoletwa na mnunuzi mwenyewe isikubaliwe mpaka benki ya muuzaji ithibitishe kuwa ni ya kweli. Vile vile, nakala halisi za hati ya shehena zisipelekwe moja kwa moja kwa mnunuzi ambaye hajalipa, kwani mwenye hati hiyo ndiye anayeweza kuutoa mzigo bandarini.

Aliyekwisha kudanganywa asione haya. Aiarifu benki yake mara moja, kisha apige ripoti Polisi akiwa na ushahidi wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika pia Zanzibar, inautambua udanganyifu wa kutumia kompyuta kuwa ni kosa la jinai.

Mnunuzi mwema haudhiki kwa kuombwa subira ya siku chache. Anayemharakisha muuzaji kuliko kiasi ndiye wa kutiliwa shaka.